Aliyekuwepo Hajibu

Kazi ya Subilaga ilikuwa kuchagua swali la kesho, na kwa miaka yote aliyoifanya hakuwahi kulichagua kwa hila. Jumatatu hiyo alilichagua kwa hila tupu.

Alikuwa amekaa mbele ya meza ya kioo katika ofisi ya Hazina, mjini Lugombo, kitenge mabegani kwa sababu ukungu wa Mlima Rungwe ulikuwa umeshaingia mpaka dirishani. Juu ya kioo, meza ilikuwa imempangia siku ambazo watu wa mji huo waliziishi katika tarehe ya kesho, mwaka huu na mwaka ule. Palikuwa na siku ya mwalimu aliyeona kimondo kikidondoka katikati ya shamba lake la viazi. Palikuwa na siku ya mkunga aliyezalisha watoto watatu juu ya meza ya baa wakati wa mafuriko. Na chini kabisa, imefifia, palikuwa na siku ya marehemu Ambakisye, fundi wa mabomba ya mvuke, mume wake.

Zilizofifia zilikuwa siku ambazo ndugu wa marehemu hawajazitoa. Mtu wa Lugombo alipofariki, kijiwe kilichopandikizwa nyuma ya sikio lake kilitolewa, na kila alichokiona na kukihisi kikahifadhiwa Hazina. Familia ndiyo iliyoamua siku zipi ziingie kwenye mchezo wa kila jioni, ambamo aliyejibu swali alipewa siku ya marehemu ikae kichwani mwake kama yake. Wengine walizitoa zote kwa mkupuo, kama nguo za marehemu. Subilaga, mwaka wa pili huu, hakuwa ametoa hata moja. Watu walidhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo kweli, ila ulikuwa umeshahamia chumba cha nyuma. Sebuleni alikuwa amekaa wivu, tena amekunja nne.

Wivu huo aliupata msibani. Kuna watu huja kukupa pole wakakuachia mzigo. Jirani mmoja, sahani ya wali mapajani, alisema marehemu alikuwa mtu wa watu, hakuwa na makuu. Hata siku ile umeme wa mvuke ulipowashwa, wakubwa wote wakiwa kwenye sherehe, yeye alimwona amekaa zake barazani kwa Tumpe tangu jioni mpaka giza likaingia. Akasema hivyo, akaendelea kula. Tangu hapo Subilaga hakuwahi kula akashiba.

Siku hiyo, miaka tisa iliyopita, yeye hakuwepo mjini. Alikuwa Mbeya kwa dada yake aliyekuwa amejifungua. Na Tumpe alikuwa nani? Mshona nguo wa mtaa wa chini, mwanamke asiye na mume, shingo ndefu, sauti ya upole, mikono isiyotulia. Subilaga alikuwa ameshampima kwa macho kila upande kuliko Tumpe alivyowahi kumpima mteja kwa futi. Alishaacha kupeleka nguo kwake. Alishaacha hata kuitikia salamu yake vizuri, akawa anaitikia kwa pua.

Kuifungua siku ya mumewe akajionea mwenyewe asingeweza. Mashine ya kuingiza siku kichwani ilimkataa mtu yeyote aliyekuwemo ndani ya siku, hata kama ilikuwa sauti yake tu kwenye simu, na asubuhi ya siku ile Subilaga alimpigia Ambakisye. Mafundi walioiunda walikuwa na sababu. Kichwa kimoja hakiwezi kubeba jambo lilelile mara mbili, mara kwa macho yako na mara kwa macho ya mwenzako. Watu wa mwanzo waliojaribu walitoka wakiwa hawajui wao ni yupi kati ya wale wawili. Ndiyo maana mchezo ulikuwa na sharti moja ambalo hata watoto walilijua: aliyekuwepo hajibu. Swali liliposomwa, vibonyezo vya wachezaji viliwaka taa ya kijani. Cha mtu aliyekuwemo ndani ya siku inayoshindaniwa kilibaki kimezima.

Hapo ndipo hila ya Subilaga ilipokaa. Asingehitaji kumuuliza Tumpe kitu. Angeiweka siku ile kwenye mchezo, akae nyuma yake ukumbini, atazame kibonyezo. Kikizima, alikuwa naye. Kikiwaka, hakuwa naye. Siku ambayo mshindi hakupatikana ilirudi Hazina kama ilivyotoka, kwa hiyo kilichotakiwa ni swali gumu lisilojibika, na swali hilo alikuwa nalo. Lilikuwa jambo ambalo Ambakisye alimwambia yeye tu, kitandani, huku akicheka mpaka blanketi linatikisika.

Mzee Nsajigwa, mkubwa wake wa kazi, ambaye ndiye aliyekuwa akisoma maswali kila jioni kwa ile sauti yake ya kukwaruza, aliingia na vikombe viwili vya chai akakuta siku ya Ambakisye imeng'aa pamoja na zingine. Uso wake ukalegea kwa furaha. Alidhani mjane amepona.

"Umeitoa, Subilaga."

"Nimeitoa, mzee."

Akakaa. Akamkumbusha, bila ukali, kwamba siku ikishaingia kichwani kwa mtu mwingine hairudi tena Hazina. Subilaga akasema anajua. Akamkumbusha pia kiapo cha watunzi wa maswali, kwamba swali ni la mji, wala si la mtunzi. Subilaga akasema hiyo ndiyo siku mji mzima ulipopata umeme wa mvuke, sasa kuna siku gani iliyo ya mji kuliko hiyo? Yalikuwa maneno ya kweli, na aliyasema akitazama chai.

*

Ukumbi wa kata ulijaa kama kila jioni. Mchezo ungeweza kuchezwa nyumbani, maana kila kaya ilikuwa na vibonyezo vyake, lakini watu wa Lugombo walipenda kuchezea ukumbini kwa sababu ya taa. Raha ilikuwa kutazama kibonyezo cha nani kimezima. Kuna waliowahi kugundulika hapo kwamba siku waliyosema wanaumwa walikuwa kwenye ngoma. Watu walicheka, wakataniana, ndoa moja mbili ziliwahi kuyumba, na mchezo ukaendelea.

Subilaga alikaa nyuma ya Tumpe, upande kidogo, ili bega lisimzibe. Tumpe aligeuka akamsalimu kwa heshima, akamwita dada, akasogeza kiti chake ampe nafasi ya miguu. Subilaga alimshukuru kwa meno. Moyoni alikuwa akisema, sogeza tu, leo utasogea zaidi.

Spika ikakohoa.

"Siku kama leo," ilisema sauti ya mzee Nsajigwa, "miaka tisa iliyopita, mvuke wa mlima uliwasha taa za Lugombo kwa mara ya kwanza. Atakayejibu atapewa siku hiyo kama alivyoiishi fundi Ambakisye, Mungu amrehemu. Swali: taa ya kwanza kabisa kuwaka iliwaka wapi?"

Vibonyezo vikawaka karibu ukumbi mzima. Vya wachache waliokutana na Ambakisye siku ile vilibaki vimezima, wakiwemo mafundi wawili waliokuwa naye zamu, watu wakawapigia makofi. Cha Subilaga mwenyewe kilizima, kama alivyotarajia. Akainama mbele, pumzi ameishika.

Cha Tumpe kilikuwa kinawaka. Kijani, hakina wasiwasi wowote, kimekaa kwenye kiganja chake.

Hakuwepo. Siku ile nzima, kuanzia asubuhi mpaka usiku, Tumpe hakuwa na Ambakisye, hata sauti yake haikumfikia. Subilaga alihisi kitu kimemtoka kifuani ambacho alikibeba kwa muda mrefu hata akasahau kwamba ni mzigo. Alitaka kucheka. Alitaka kumshika Tumpe begani amwambie kesho nakuletea vitambaa viwili vya gauni. Kwa dakika hiyo hapakuwa na mwanamke mwenye heri kuliko yeye katika mji ule.

Watu walikuwa wanajibu. Mmoja alisema hospitali, kwa sababu ndipo utepe ulipokatwa. Kengele ikakataa. Mwingine akasema kanisani, kengele ikakataa. Mwingine akasema nyumbani kwa mkuu wa mji, na ukumbi ukaangua kicheko kabla kengele haijasema lolote. Kisha hakuna aliyebonyeza tena. Subilaga alianza kuvaa kitenge chake vizuri aondoke.

Tumpe akabonyeza. "Choo cha soko la ndizi," alisema. "Cha wanaume."

Kengele ikalia kukubali.

Ukumbi ulilipuka. Mzee Nsajigwa, sauti ikimtetemeka kwa kicheko, akasoma maelezo: fundi Ambakisye aliujaribu waya kwenye jengo la karibu kabla ya sherehe, na mtu wa kwanza kupata umeme Lugombo alikuwa mchuuzi mmoja wa mikungu ya ndizi aliyetoka mbio suruali mkononi, wakati wakubwa wangali wanapanga mistari mbele ya hospitali. Watu walimpongeza Tumpe, wakamtikisa mabega.

Subilaga hakuona chochote kati ya hayo. Alikuwa ameganda. Habari ya choo ilikuwa yake. Aliambiwa yeye, kwenye mto wake, gizani. Sasa huyu alikuwa nayo, na si hiyo tu: kesho asubuhi angekaa kwenye kiti cha Hazina, avishwe kofia ya nyuzi, na siku nzima ya Ambakisye iingie ndani yake ikae humo kama yake. Taa ilikuwa imemsafisha Tumpe na jibu likamchafua, yote kwa pumzi moja. Na aliyemkabidhi siku hiyo, kwa mkono wake mwenyewe, bila kuombwa na mtu, alikuwa mke wa marehemu.

*

Alhamisi jioni, akitoka kazini, Subilaga alipita mtaa wa chini. Kulikuwa na njia nyingine tatu za kufika kwake, na hakukuwa na sababu ya kupita ile ila hiyo tunayoijua.

Tumpe alikuwa amekaa barazani. Cherehani ilikuwa ndani, kimya, kitambaa kimebaki chini ya sindano. Yeye alikuwa anatazama juu, kwenye ukingo wa mlima ambako vibehewa vya abiria vinavyoning'inia kwenye waya kutoka Mbeya huchomoza, kisha hushuka polepole mpaka kituoni. Hakuwa anatazama kama mtu anayepunga upepo. Aliutazama ule waya kama unadaiwa kitu.

Akageuka, akamwona Subilaga.

Akasimama. Nyusi zikapanda zote mbili, mdomo wa chini ukabanwa na meno kuzuia kicheko, na kichwa kikaenda upande wa kushoto kidogo. Subilaga aliijua sura hiyo. Aliishi nayo miaka kumi na minne. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kumtazama hivyo, na aliyekuwa nayo alikuwa ameshazikwa chini ya mwerezi kwenye makaburi ya Lugombo. Sasa ilikuwa inamtazama kutoka kwenye shingo ndefu ya Tumpe mshona nguo.

Subilaga alikimbia. Mwanamke mzima, mtumishi wa Hazina, alishika kitenge akakimbia mtaani watu wakimwona.

Usiku huo hasira ndiyo iliyomlisha. Alijiambia huyo mwanamke anamwigiza. Alijiambia amemwibia. Ijumaa akapita tena, akiwa amejiandaa kwa matusi, akakuta baraza ileile, macho yaleyale mlimani, na alipoonekana tu, sura ileile ikachanua. Safari hii aliona kitu kingine. Baada ya sura kuchanua, Tumpe mwenyewe alionekana kuishtukia. Alijishika mashavu kwa viganja vyote viwili, akaketi, akatazama chini.

Jumamosi Subilaga alipiga moyo konde akapanda barazani. Tumpe alimkaribisha, akamtandikia mkeka mzuri, akataka kwenda kuandaa chai. Subilaga akasema hakufuata chai. Alikuwa na maswali mengi, tena mazito, lakini lililotangulia kutoka lilikuwa dogo na la aibu.

"Habari ya choo uliisikia wapi?"

Tumpe alishangaa. "Alikuwa akimwambia kila mtu, dada. Alileta suruali nimpunguzie, akanihadithia hapo mlangoni. Alimhadithia na muuza mkaa. Watu walisahau tu."

Kumbe. Siri ya mto wake ilikuwa imezunguka sokoni kama chenji. Subilaga alilimeza hilo, na halikupita vizuri.

"Na siku ile alikaa hapa kwako anafanya nini?"

"Mimi sikuwepo, nilikuwa Kyela kwenye harusi. Hata sikujua kama alikaa, mpaka juzi." Tumpe alionyesha kwa kidevu. "Tazama pale. Mtaa mzima umezibwa na mlima, ila hapa kwangu ndipo penye mwanya. Kibehewa kikichomoza tu, unakiona. Ulimpigia asubuhi ukamwambia unarudi jioni."

Subilaga alikumbuka. Ndiyo, alisema hivyo.

"Aliacha sherehe," Tumpe aliendelea. "Walimwita apigwe picha, akasema ana mgeni. Akaja akakaa hapa kwenye ngazi. Kila kibehewa kilichoshuka alisimama. Alikuwa na habari ya choo, dada, kifua kinamwasha, anataka akuambie wewe wa kwanza. Alikuwa anaipangia maneno. Kila kibehewa anasema moyoni, hiki ndicho. Watu wanashuka, wewe hupo. Anakaa tena."

"Nilirudi kesho yake," alisema Subilaga.

"Kesho yake mimi sikupewa. Nimepewa siku moja tu, na inaishia hapa, nimekaa, nakungoja."

Upepo ulipita na harufu ya majani ya chai. Tumpe alikuwa akisugua vidole vyake, na alipoanza tena hakumtazama.

"Sikufichi. Wewe sikupendi wala sikuchukii, hata kukujua sikujui vizuri, kila siku unaniitikia kwa pua. Lakini jioni ikifika kifua kinanibana, nashindwa kushona, lazima nije nikae hapa. Nikikuona natamani kukimbia nikupokee. Mimi umri wote huu hakuna mtu aliyewahi kunikalia njiani namna hiyo. Sikujua kama kuna kitu cha hivyo. Sasa nimekijua, kimo ndani yangu, na anayengojwa ni wewe. Nakuonea wivu mpaka nakosa usingizi."

Subilaga alikuja pale na wivu wake mkononi kama fimbo, akakuta mwenzake anao mkubwa zaidi. Na wake mwenyewe haukupungua hata chembe. Aliuhisi ukigeuka tu upande. Zamani alimwonea wivu Tumpe kwa sababu ya kitu alichodhani alikifanya na Ambakisye. Sasa alimwonea kwa sababu ya kile alichokuwa nacho kweli: jioni nzima ya kupendwa kwake yeye, Subilaga, ambayo yeye mwenyewe hatakaa aione.

*

Jumatatu alikwenda kwa mzee Nsajigwa akakiri yote. Hakujipunguzia. Alisema aliitoa siku ile ili atazame taa ya mtu, akachagua swali ili asipatikane mshindi, na kiapo alikivunja akiwa na akili zake timamu.

Mzee alisikiliza huku akizungusha kikombe kisichokuwa na kitu. Kisha akamweleza, kwa sauti ya kazi, jinsi mambo yalivyo. Siku iliyoingizwa kichwani huchukua wiki moja kushika. Kabla ya hapo, mtunzi akikiri kwamba alitoa swali kwa jambo lake binafsi, Hazina inaweza kuing'oa. Mwisho ulikuwa kesho jioni, maana wiki ilihesabiwa tangu jioni ya ushindi. Tumpe angeamka ametulia, asikumbuke kitu. Lakini siku yenyewe ingetoka vipande vipande na vipande hivyo havihifadhiki popote. Siku ya mvuke ya Ambakisye ingekuwa imekwisha duniani.

"Na asipong'olewa?"

"Siku ikikatika mtu akiwa katikati ya hamu, hamu yenyewe haijui kama imekatwa. Inaendelea kwa huyo aliyeipokea. Wako waliopokea siku za wagonjwa, mpaka leo wanaumwa jino ambalo hawana." Alifuta macho. "Mgonjwa wa kungoja ndiyo mara ya kwanza nampata."

Subilaga akauliza kama kuna namna ya kuimaliza hiyo hamu bila kuing'oa. Mzee akasema hajui, hakuna aliyewahi kujaribu. Kisha akamwambia alichokuwa akikiogopa kukisema, kwamba iwe iwavyo, swali la kesho hatalichagua yeye, wala la keshokutwa, wala lolote tena. Subilaga aliitikia kwa kichwa. Hilo hata halikumuuma, moyoni hamkuwa na nafasi.

Kilichomuuma kilikuwa maneno ya Tumpe alipokuwa akimsindikiza Jumamosi. Alisema, kukiwa na njia na ukiamua itolewe, dada, nitakuja, siku ni ya mumeo. Ila usiseme ni kwa ajili yangu. Alikuwa amemsoma. Subilaga alipolala akalijaribu jambo hilo kila upande. Akitaka ing'olewe, ni kwa sababu Tumpe anateseka kwa kosa ambalo si lake, na hilo lilikuwa kweli. Lakini chini ya hilo palikuwa na jingine, kwamba hakuvumilia kuwe na mwanamke anayemfahamu Ambakisye kwa ndani kuliko yeye, na afadhali siku hiyo ife kuliko ikae kwa mtu. Akitaka ibaki, ni kwa sababu si haki kumuua marehemu mara ya pili. Na chini ya hilo nalo palikuwa na jingine. Dunia nzima sasa palikuwa na mahali pamoja tu ambapo Ambakisye alikuwa bado anamngoja. Kila jioni, bila kukosa, barazani kwa Tumpe. Angeweza kupita pale kila siku ya maisha yake akatazamwa, na mshona nguo akaungua taratibu.

Aliitamani sana hiyo ya mwisho. Ilimtisha jinsi alivyoitamani.

*

Jumanne asubuhi Subilaga alipanda kibehewa kwenda Mbeya. Hakumwambia mtu. Alikunywa chai kwa dada yake, akamsaidia kuchambua maharage, akaulizwa kwa nini amekuja bila taarifa, akasema amekumbuka tu. Dada akamwambia alale, kesho si mbali. Subilaga alisimama haraka hata kikombe kikamwagika, akasema hapana, leo anarudi.

Kibehewa cha jioni kilichomoza kwenye ukingo wa mlima jua likiwa limeshaegemea. Lugombo yote ilikuwa chini, mabomba yakitoa mvuke mweupe kati ya migomba. Subilaga hakuwahi kuutazama mtaa wa chini kutoka huku juu. Mzee alisema hakuna aliyewahi kujaribu kuimaliza hamu ya namna hiyo, na yeye hakuwa na hakika ya lolote. Aliitafuta baraza, akaiona. Mtu mmoja alikuwa amesimama pale.

Aliposhuka kituoni, Tumpe alikuwa ameshafika, anahema, sindano bado imechomekwa kifuani kwenye blauzi. Alinyoosha mikono yote miwili akampokea mfuko, kama anavyopokewa mtu aliyetoka safari ya mbali, akaubana ubavuni. Nyusi zilikuwa juu. Kichwa kilikuwa kimeinama kushoto. Macho yalikuwa ya Ambakisye kabisa, yamejaa maji, na Subilaga alisimama mbele yake akayanywa.

"Umechelewa," alisema Tumpe, kwa sauti iliyokuwa nzito kuliko yake.

Angeweza kuongopa. Angeweza kusema njia ilifungwa, mtoto aliumwa, simu zilikata. Alimtazama aliyemngoja akaona haki yake ni moja tu.

"Nimechelewa. Sikuwa na sababu yoyote, mume wangu. Mtoto alikuwa mzuri, chakula kilikuwa kitamu, dada akasema lala, nikalala. Sikukukumbuka hata mara moja. Nisamehe. Nimerudi."

Tumpe alibaki amemkazia macho. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kifuani kinachotikisa mabega, na katikati ya kicheko hicho akamwambia habari ya choo. Aliisema yote, maneno yakiwa yamepangwa vizuri, mkungu, suruali, wakubwa kwenye mistari. Subilaga alicheka pamoja naye mpaka akashika nguzo, watu wakiwapita na mizigo yao.

Kicheko kilipoisha, Tumpe alivuta pumzi ndefu. Nyusi zikashuka. Shingo ikarudi kunyooka. Alijitazama mikononi, akaona mfuko wa mtu, akampa mwenyewe. Subilaga aliyatafuta yale macho kwa haraka, huku na huku, usoni mwa mwenzake. Yaliyokuwepo yalikuwa ya mshona nguo wa mtaa wa chini, yametulia, mazuri tu, na yalikuwa yakimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama jirani.

"Pole na safari, dada," alisema Tumpe.

Subilaga akatamani angechelewa zaidi.